Kula Naye Kwanza, Ndipo Upime Mkono

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, mpaka harufu yake naikumbuka: gundi, ngozi mpya, na chai ya tangawizi aliyokuwa akiichemsha Fundi Balwant kwenye karakana yetu, chini kabisa ya hospitali moja kule kaskazini ya London. Asubuhi hiyo Fundi alikishika kifaa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka mle ndani, akakigeuza, akakigeuza tena, akakirudisha mezani, akasema, "Nzuri sana. Sasa peleka kwa Mzungu."

Ngoja kwanza, nimeanza katikati. Mjukuu wangu Farida hunigombeza kwa Kiingereza chake kila siku, Bibi anza mwanzo! Farida huyo ndiye anayewafundisha vijana kubuni vifaa vipya vya matibabu, na juzi kanialika kwenye darasa lake niseme nao. Mie, wa darasa la tatu! Nikavaa nguo yangu ya Idi, nikapanda treni kama bibi harusi. Niliyowaambia ndiyo haya nakwambia na wewe.

Sisi tulitoka Tanga. Nyumbani Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Kihindi, sokoni Kiswahili, na shule niliiacha mama alipougua, nikakaa na cherehani. Cherehani ndiyo iliyonisomesha. Zama zile Wahindi wa Afrika Mashariki tunamiminika Uingereza, wengine wamefukuzwa, wengine wanaogopa kufukuzwa, mie nikaja na mume wangu na mama mkwe, tukapanga vyumba Wembley. Baridi, we! Sweta juu ya sweta, natembea kama gunia la karafuu.

Jirani akaniambia hospitalini wanatafuta mtu wa kushona mikanda, ile ya kufungia mguu uliopooza na mgongo uliopinda. Nikaenda. Namkuta nani, mkubwa wa karakana? Singasinga wa Kisumu, kilemba cha buluu, ndevu mpaka kifuani, zamani fundi wa gereji ya reli. Yeye Kipunjabi, mie Kikachi, na Kiingereza chetu sote cha kuokoteza. Tukatazamana. Halafu akasema, "Habari ya subuhi, mama?" Wallahi machozi yalinitoka. London yote ile, tumekutana kwenye Kiswahili!

Sasa Fundi Balwant kazi yake haikuwa kukarabati magongo tu. Wapo wagonjwa ambao vifaa vya dukani haviwafai, basi hospitali ikampa vijana awafunze kubuni vipya. Wakati wangu tulikuwa wawili, mie kwenye kushona, na mwenzangu kwenye chuma. Huyo mwenzangu alikuwa Jitendra, kijana wa Nairobi, baba yake ana duka mtaa wa Kenton, chuo cha uhandisi amekimaliza. Mwembamba kama uzi wa kutungia shanga. Na jina walimkatia wakamwita nini? Jitu! Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wewe ndiye Jitu?"

"Ndiyo, dada Nuru. Cheka taratibu, nisije nikakumeza."

Fundi alikuwa na sheria moja, na hiyo haikuandikwa popote. Hupimi mkono wa mtu kabla hujala naye. Mgonjwa akiletwa, wewe na sahani yako unakwenda kukaa naye saa ya chakula, unamtazama anavyokula, anavyoshika, anachokikataa. Kesho yake ndio unatoa tepu. Jitu aliona hayo mambo ya kizee. Alininong'oneza, "Dada, tepu haina njaa." Nami nikacheka. Tulikuwa vijana, mwanangu, na kijana ana mbio kuliko njia yenyewe.

Basi akaletwa Bi Zuhura. Mpemba, mjane, amekimbia kwao zamani, anakaa peke yake kwenye flati si mbali na uwanja wa mpira wa Wembley. Mtoto wake mmoja tu, Maryam, anafanya kazi ya kutunza wazee, leo zamu ya asubuhi, kesho ya usiku. Bi Zuhura alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mkono wa kulia haukurudi sawasawa.

Na pale hospitalini kulikuwa na jiko dogo la majaribio. Kabla mgonjwa kama yeye hajaruhusiwa kurudi kwake, lazima aingie mle atengeneze chai na tosti mwenyewe, mama mmoja wa Kiingereza anamtazama. Akiweza, anakwenda nyumbani. Asipoweza, anapelekwa nyumba ya wazee, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa mbali, mji mwingine kabisa, ambako Maryam angemfikia kwa nadra na hakuna hata mmoja wa kumwambia shikamoo.

Jaribio la kwanza Bi Zuhura alikaa tu. Mikono mapajani, macho dirishani. Mkate mbele yake, hakuugusa. Na wodini vilevile, Maryam asipokuja kumlisha, sahani inarudi kama ilivyokuja. Manesi wakasema masikini, amekata tamaa. Wakapanga jaribio la pili, la mwisho.

Jitu akasema huyu mie nitamwokoa. Mbio kwenda wodini, akampima mikono yote miwili, mbio kurudi. Chakula? Hakuna muda wa chakula! Akatengeneza kibao chenye misumari ya kuushika mkate usikimbie, kisu cha upinde cha kukatia kwa kubembeza, na kikalio cha birika, ukikisukuma chai inamiminika yenyewe. Kila kitu kwa mkono wa kushoto. Nami nikashona mikanda yake kwa uzi mwekundu, tukajisifu weee.

Ndicho hicho alichokishika Fundi asubuhi ile, akasema peleka kwa Mzungu.

Jitu akapanda moto. "Fundiji, kosa liko wapi? Wa kulia mgonjwa, wa kushoto mzima. Hesabu ya mtoto!"

Fundi akamimina chai yake. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, lakini kilikuwa kinapiga msumari ndani. "Jitu. Wewe nyumbani nakula chapati na mkono gani?"

Jitu akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama.

"Hii dada Nuru nakula na mkono gani?"

Mie nikainamia cherehani yangu, kumbe hata uzi sikuutia.

"Sasa nyinyi nataka mama hii kula na kushoto. Nyinyi nafika London juzi tu, mkono yenu iko nasahau kwao?"

Mwanangu, maneno yale! Maana ilikuwa kweli. Kantini ya hospitali sisi tulikuwa tunashika uma na kisu, tunakata yai kama tunapasua mgonjwa, tuonekane watu. Tukifika nyumbani, mlango ukifungwa, mkono wa kulia ndani ya sahani, raha mustarehe. Yaani tulijua. Hakuna kitu kwenye shauri lile ambacho hatukukijua tangu tunanyonya. Ila tulipoingia kazini tuliyaacha mlangoni pamoja na makoti. Tulidhani utaalamu ni kufanana na wenye mji. Mwacha asili ni mtumwa, waliosema hawakukosea.

Jumapili Maryam akamchukua mama yake kwa ruhusa ya kutwa, na Fundi akatuchukua sisi wawili mpaka flatini. Tukatandikiwa mkeka, Maryam akapika maharage ya nazi na chapati, maana Fundi na Jitu hawali nyama. Bi Zuhura akakaa katikati kama malkia, kanga mabegani, Maryam anamlisha tonge tonge. Jitu alikula mpaka akasahau alichofuata. Mwisho nikamkanyaga mguu.

"Mama," akasema, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao, "kule hospitalini kwa nini hukutaka hata kujaribu?"

"Kujaribu n'nini, mwanangu? Kutia mkono wa kushoto kwenye chakula?" Bi Zuhura akamtazama kama mtoto aliyekuja bila suruali. "Mkono huu ndo wa chooni. Mie n'mepikia watu tangu Wete mpaka Wembley, harusi na hitima, leo n'wape watu kitu cha kushoto? Afadhali wan'peleke huko kwa wazee, n'kafe na heshima yangu."

Manesi walisema amekata tamaa! Mwanamke yule alikuwa na tamaa kutuzidi sisi sote.

"Na huo wa kulia," Jitu akauliza, "wenyewe unakataa nini?"

"Kufunga waweza. Ukishika umeshika, kama mtoto na peremende. Kufungua ndo hautaki."

Ah, mwanangu, laiti ungeuona uso wa Jitu. Ni kama mtu amewashiwa taa. Akaomba ruhusa, akaushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena, hana habari na maharage yaliyobaki. Njiani kwenye basi akawa anasema peke yake, "Tulikuwa tunaukimbia mkono wenyewe. Unafunga, Fundiji! Unataka wa kuufungua tu!" Abiria wakahama viti.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Jitu alitaka waya mwembamba unaopinda ukarudi. Akajaribu hivi, akajaribu vile, mwisho akaupata kwenye mwavuli uliovunjika, na London ukikosa kila kitu hukosi mwavuli uliovunjika. Nikamshonea glavu ya nusu, mgongoni ngozi laini ya kubebea zile waya, kiganjani wazi ili unga uguse mkono wenyewe, maana mpishi asiyegusa unga atajuaje umeiva? Waya zinavuta vidole vifunguke, mkono wenyewe unajua kufunga.

Fundi akasema, sasa vaeni nyinyi kwanza. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jitu akavaa glavu akaenda kukanda unga nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, Kenton, mbele za watu. Mzee akapiga kelele, "Nimekusomesha uhandisi uje unikandie unga hapa?" Wateja wakafurahi, wakakaa kutazama. Chapati zenyewe akaniletea nionje, nikampa mama mkwe wangu. Akatafuna, akatafuna, akasema, "Mwambie huyu kijana aoe haraka."

Glavu ya kwanza ilikuwa kali mno. Bi Zuhura aliijaribu karakanani, akafumba mkono, waya zikamfungua kwa kishindo, donge la unga likaruka likaganda kwenye ndevu za Fundi. Fundi akalitoa taratibu, akalionja. "Chumvi kidogo," akasema.

Tukalegeza waya. Tukadhani tumemaliza. Bi Zuhura akauliza, "Haya, na n'kitaka kutawadha? Nani atan'vua?" Jitu akafungua mdomo abishe, naona maneno yanakuja, halafu akaufunga. Akakaa chini, akaanza upya. Siku ile ndio nilijua huyu atakuwa fundi. Tukaweka ulimi mmoja wa ngozi kifundoni, ukiuvuta glavu yote inaachia, inaoshwa, inakauka, inavaliwa tena bila msaada wa mtu.

Siku ya jaribio ikafika. Mie niliruhusiwa kuingia jikoni kutafsiri. Fundi na Jitu walisimama nje kwenye mlango wa kioo, Jitu anakula kucha. Yule mama wa Kiingereza alikuwa mtu mwema, lakini sura yake kama mlango uliofungwa. Ameweka mkate, ameweka siagi. Bi Zuhura akausogeza mkate pembeni kwa adabu, akatoa unga kwenye mkoba wake.

"Mwambie akae," akaniambia. "Leo ni mgeni wangu."

Nikatafsiri. Mama wa watu akakaa.

Akavaa glavu yake mwenyewe. Akatia unga, akatia maji, mkono ukaingia. Fumba, funguka. Fumba, funguka. Unga ukaanza kushikana, akawa anahesabu kitu kwa midomo, dua au nini sijui. Na palepale, katikati, waya wa kidole cha kati ukachomoka kwenye njia yake. Kidole kikajikunja. Mkono ukasimama.

Nikageuka mlangoni. Jitu ameshashika kitasa, anataka kuingia, na Fundi amemshika ukosi wa shati kama paka na mtoto wake. Nilimwona Fundi anavyosema hata kama sikumsikia vizuri kwenye kioo. Baadaye Jitu aliniambia maneno yenyewe: "Wacha. Sasa iko mali yake."

Bi Zuhura akautazama ule waya. Hakuniangalia mie wala yule mama. Akauinamia, akausukuma kwa kidole cha kushoto mpaka ukaingia mahala pake, akajaribu, fumba, funguka, akaendelea kama mtu aliyenyoosha kanga iliyomteleza. Yule mama wa Kiingereza alikuwa ameshasogeza kiti chake mbele.

Ile chapati ilitoka imepinda kama ramani. Akaichukua kwa mkono wa kulia, akaikata kipande, akanyoosha mkono, na pale juu ya kiganja cha mgeni wake vidole vikafunguka, pole pole, kimoja baada ya kimoja, kipande kikashuka. Mgeni akala.

"Na chai?" akauliza, na mdomo umejaa.

Nikatafsiri. Bi Zuhura akajibu bila kugeuka, "Chai apike yeye. Waingereza ndo wenye chai yao."

Nilisita kuitafsiri hiyo, nikaitafsiri. Yule mama akacheka mpaka akafuta macho, akainuka, akaweka birika motoni mwenyewe. Halafu akaugeukia uso wa Bi Zuhura, akasema maneno mafupi, nami nikayaleta kwenye Kiswahili.

"Anasema, mama, nenda kwako."

Bi Zuhura akarudi flatini kwake, akapika kwa mkono wake, na Idi ile alituita sote. Nenda kamuulize Maryam, leo yeye ndiye bibi, yuko Wembley palepale.

Na ile glavu haikuishia hapo. Daktari aliiona, akaomba nyingine kwa mjenzi wa Kiayalandi aliyetaka kushika nyundo. Jitu akachukua sahani yake akaenda kula naye kwanza, viazi kavu kavu, na akagundua yule bwana shida yake ni kidole gumba, si vidole vingine. Akaibadilisha. Akaja mwingine, akaibadilisha tena. Siku moja Fundi akamwekea kikombe cha chai mezani, akasema, "Sasa wewe fundi. Mimi nataka kuona mwanafunzi yako." Na Jitu akafundisha mpaka nywele zikawa pamba. Alifundisha mamia, na mmoja wa hao ni huyu Farida wangu! Mjukuu wa mshona mikanda. Nikimwona amesimama mbele ya vijana, Mhindi, Mzungu, Msomali, Mpemba, wote wanamsikiliza yeye, natamani nisimame kwenye kituo cha basi niwaambie watu: yule ni wa kwangu.

Darasani kwake siku hizi kuna mashine inatoa kidole cha plastiki kama kuku anavyotaga. Kuna kompyuta inayojua moyo wako umerukaje. Nimefurahi, nimeshikashika kila kitu, nimegombezwa. Na hawa vijana wana akili, mashaallah, tena wana huruma. Siwapi ushauri kwa sababu wamepungukiwa. Nawapa kwa sababu naona watakwenda mbali, na msafiri wa mbali hupewa masurufu.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukitaka kumtengenezea mtu kitu cha kumponya, usianze na kitu, anza na mtu. Kaa kwenye mkeka wake, ule anachokula, umuulize anachokitaka yeye kabla ya kile unachojua wewe kukitengeneza. Mgonjwa akikataa kifaa chako usimwite mkaidi, pengine ana sababu kubwa kuliko kifaa. Kivae wewe kwanza, kikubane wewe, kikuaibishe wewe mbele za watu dukani kwa baba yako. Kikiharibika mikononi mwake, usikimbilie kumpokonya, mwachie, maana kama hawezi kukirekebisha bado hujampa chake. Na usiiache nyumba yenu mlangoni ukiingia maabara. Lugha ya bibi yako, sahani ya mama yako, jinsi mlivyolelewa kula na kunawa na kumsalimu mkubwa, hayo nayo ni elimu, na pengine kuna mgonjwa mahali anayasubiri hayo hayo, na kwenye chumba kile hakuna mwingine anayeyajua ila wewe. Ukishajua kazi, tafuta wa kumfundisha. Usisubiri uzee.

Mwenyezi Mungu, kila mmoja kwa jina analomwita, aibariki mikono yako. Aliyepooza akupitie ainuke, asiyesikia akupitie asikie, na wewe usiwahi kufikia siku ya kumchoka mgonjwa. Mama yako aishi akuone. Na popote utakapotandikiwa mkeka, katika nchi yoyote ile, ukute watu wanakusogezea nafasi. Amina, mwanangu. Amina.